Swali la Mzulu Lililomtikisa Askofu

Ni wahubiri wachache mno ambao hawajawahi kuulizwa, ama na mtoto nyumbani ama na mwanafunzi darasani, ni vipi wanyama wote wa duniani walivyoenea katika safina moja ya Nuhu. Aghalabu muulizaji hukaripiwa. Huambiwa kwamba swali lake ni dalili ya uhaba wa imani, kwamba Shetani ameanza kumtia maneno moyoni, na kwamba mambo ya Mungu hayapimwi kwa akili za wanadamu. Basi muulizaji hunyamaza. Lakini kunyamaza si kuamini, na wako wengi walionyamazishwa hivyo wangali wadogo ambao walipopata umri wao waliliacha kanisa bila ya kumuaga mtu yeyote.

Katika karne ya 19 palikuwa na askofu mmoja Mwingereza aliyeulizwa swali hilo hilo na Mwafrika, akakataa kukaripia na akakataa kudanganya. Kwa ajili ya jibu lake alishtakiwa uzushi, akatangazwa kuwa amevuliwa uaskofu, akatengwa na ushirika wa kanisa lake. Jina lake ni John William Colenso, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Maisha yake yanastahili kukumbukwa na wanaoitilia Biblia shaka, na zaidi na wale wanaoiamini, kwa kuwa yanatuonyesha kwamba jibu analopewa mwenye shaka huipima imani ya yule anayejibu.

Colenso alizaliwa tarehe 24 Januari 1814 katika mji wa St Austell, huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Babake alikuwa ametia mali yake katika machimbo ya madini, na bahari ilipofurika na kuyaharibu machimbo hayo, jamaa nzima ilitumbukia katika ufukara. Ilimbidi kijana huyo kufanya kazi ya ualimu msaidizi ili apate riziki, na alipoingia Chuo Kikuu cha Cambridge aliingia katika kundi la wanafunzi maskini waliopunguziwa karo. Mwaka 1836 alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati wa chuo hicho, mtihani ambao sifa yake ilikuwa imeenea Uingereza nzima.

Baadaye alifundisha hisabati katika shule mashuhuri ya Harrow. Huko alipatwa na janga la moto lililoteketeza mali yake na kumwachia mzigo mzito wa madeni. Alijikomboa kwa kalamu. Aliandika vitabu vya aljebra na hesabu ambavyo vilisomwa kwa miaka mingi, na haki za kuvichapisha akaziuza kwa pauni 2,400. Kwa hiyo jina la Colenso lilijulikana na watoto wa shule kabla ya kujulikana na wakuu wa kanisa. Hebu msomaji alitie jambo hili akilini, kwani hesabu hizo ndizo zilizokuja kuzua kizaazaa baadaye.

Mwaka 1846 alimwoa Sarah Frances Bunyon, akaacha chuo na kwenda kuwa kasisi wa mtaa mmoja wa mashambani huko Norfolk. Hapo ndipo alipoonekana na Robert Gray, Askofu wa Cape Town, ambaye alikuwa akitafuta mtu wa kuiongoza dayosisi mpya ya Natal. Colenso aliwekwa wakfu tarehe 30 Novemba 1853. Waama, mtu aliyemwinua Colenso ndiye yule yule ambaye miaka kumi baadaye alikaa katika kiti cha hakimu ili amwangushe.

Baada ya kuizuru Natal kwa majuma kumi mwaka 1854, alirudi mwaka uliofuata pamoja na jamaa yake na kujenga misheni karibu na Pietermaritzburg. Mahali hapo aliita Ekukhanyeni, yaani penye nuru. Palikuwa na shule, mashamba, karakana na mtambo wa kuchapishia vitabu. Tofauti na wamishenari wengi wa zama zake walioridhika kusema na watu kupitia kwa mkalimani, Colenso alijitosa katika Kizulu kwa bidii ile ile aliyokuwa ameitumia katika hisabati. Aliandika sarufi ya lugha hiyo, mwaka 1861 akatoa kamusi ya Kizulu na Kiingereza, na akaanza kutafsiri vitabu vya Biblia. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu.

Hata kabla ya suala la Biblia kuzuka, Colenso alikuwa amekwisha kuwakera wenzake. Ilikuwa desturi ya wamishenari kumwamuru mwanamume mwenye wake wengi awafukuze wote isipokuwa mmoja ndipo abatizwe. Colenso aliona kwamba sheria hiyo ilikuwa ni kuwatupa wanawake na watoto wasio na hatia kwa jina la utakatifu. Hakutetea ndoa ya wake wengi kuwa ni desturi ya kudumishwa. Alichosema ni kwamba mtu aliyekwisha kuoa kwa mila za kwao asilazimishwe kutenda udhalimu ili aingie kanisani. Wenzake walimpinga vikali, na mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth, huko Uingereza, uliamua kwamba watu wa namna hiyo wasibatizwe. Ilipita karne nzima kabla ya mkutano huo huo wa Lambeth, mwaka 1988, kukubali kwamba mwanamume wa aina hiyo aweza kupokewa pamoja na wake zake na wanawe kwa masharti maalum. Hoja hiyo ilitoka kwa kanisa la hapa Kenya.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Katika kazi ya kutafsiri, Colenso alisaidiwa na Mzulu aliyeitwa William Ngidi, Mkristo mwenye akili pevu. Walipofikia habari ya gharika katika Kitabu cha Mwanzo, Ngidi aliacha kutafuta maneno, akamwuliza askofu kama yote yale yalitukia kwa kweli. Alitaka kujua kama wanyama wote, ndege wote na viumbe vyote vitambaavyo, wakubwa kwa wadogo, kutoka nchi za joto na nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani. Aidha alitaka kujua kama Nuhu aliwakusanyia wote chakula chao, pamoja na wale wanaokula nyama. Ngidi hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa mtu wa jamii ya wafugaji, anayejua fika kiasi cha nyasi anachokula ng'ombe mmoja kwa siku moja, na aliliangalia jambo hilo kwa jicho la mtu aliyewahi kulisha mifugo.

Swali hilo lilimpata Colenso pabaya. Alikuwa amesoma vitabu vya jiolojia, na alijua kwamba gharika ya dunia nzima haikuweza kutokea jinsi ilivyoelezwa. Mathalan, katika nchi ya Ufaransa kuna vilima vya volkeno vya kale mno vilivyofunikwa na majivu mepesi, majivu ambayo maji ya gharika yangeyasomba yote lau yangepita hapo. Angeweza kumwambia Ngidi kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na kwamba Mungu hashindwi na kitu. Lakini alilikumbuka onyo la nabii Zekaria dhidi ya wanaosema uongo kwa jina la Bwana, na dhamiri yake ikamkataza. Alimjibu Ngidi kwa uangalifu kiasi cha kutomvunja moyo, kisha akarejea mezani pake na kuianza upya Torati, safari hii akiisoma kama mtu anayekagua daftari la hesabu.

Matokeo yake yalikuwa kitabu ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka London mwezi Oktoba 1862, na ambacho sehemu yake ya saba na ya mwisho ilitoka mwaka 1879. Katika sehemu ya kwanza Colenso hakushughulika sana na miujiza. Alizitazama tarakimu. Kitabu cha Kutoka kinasema kwamba wanaume wapatao 600,000 waliondoka Misri, na Kitabu cha Hesabu kinataja 603,550 wenye umri wa miaka 20 na zaidi. Ukiwaongeza wanawake, watoto na wazee, umma wote haupungui milioni mbili. Lakini walioingia Misri pamoja na Yakobo walikuwa watu 70, na kati ya Lawi na Musa pana vizazi vitatu tu, yaani Kohathi, Amramu na Musa mwenyewe. Je, watu 70 waliwezaje kuwa milioni mbili kwa muda huo?

Hakuishia hapo. Torati inasimulia jinsi mkutano wote ulivyokusanyika mlangoni pa hema ya kukutania, ilhali ua wa hema hiyo ulikuwa na urefu wa dhiraa 100 na upana wa dhiraa 50, eneo lisilofikia robo ya uwanja wa kandanda wa siku hizi. Kazi zote za madhabahu kwa umma huo mkubwa zilikuwa juu ya makuhani watatu, Haruni na wanawe Eleazari na Ithamari. Tena, wazaliwa wa kwanza wa kiume walihesabiwa wakawa 22,273. Mtu akigawa wanaume wazima wote kwa idadi hiyo, atapata wanaume 27 kwa kila mzaliwa wa kwanza mmoja, bila ya kuwahesabu watoto. Maana yake ni kwamba kila mama katika Israeli angepaswa kuwa amezaa makumi ya wana. Hesabu hizo hazikuhitaji elimu ya juu. Mwanafunzi aliyejifunza kugawanya kwa vitabu vya Colenso mwenyewe angeweza kuzifanya.

Kutokana na hayo, Colenso alihitimisha kwamba Torati haikuandikwa yote na Musa, na kwamba masimulizi yake mengi si historia katika maana ya kawaida ya neno hilo. Hata hivyo hakuuacha Ukristo. Aliendelea kuomba, kuhubiri, kubatiza na kushirikisha meza ya Bwana mpaka mwisho wa uhai wake. Aliamini kwamba Mungu husema na wanadamu kupitia Biblia, na kwamba sauti hiyo haipotei kwa sababu mwandishi wa kale alikosea kuhesabu watu.

Waumini wa wakati huo walimjibu kwa namna nyingi, na ni vyema tuzipambanue, kwa kuwa majibu yale yale tungali tunayasikia katika karne hii.

La kwanza lilikuwa dhihaka. Magazeti na watani wa London walicheka kwamba askofu alitumwa kwenda kuwaongoa Wazulu, badala yake Mzulu akamwongoa askofu. Kicheko hicho kilibeba dharau ya rangi ndani yake. Wazungu wengi waliudhika zaidi kwa kuwa swali lilitoka kwa Mwafrika aliyetarajiwa kupokea mafundisho na kushukuru.

La pili lilikuwa kusema kwamba mambo hayo yalijulikana na wataalamu siku nyingi, na kosa la Colenso ni kuyatangaza mbele ya watu wa kawaida. Mshairi na mhakiki Matthew Arnold alimlaumu mapema mwaka 1863 kwamba kitabu chake hakikuwajenga wasio na elimu wala hakikuwaongezea wenye elimu chochote. Jibu hilo lina hatari yake. Linagawa kanisa mafungu mawili: wachache wanaojua na wengi wanaofichwa. Ngidi angewekwa katika fungu la pili, ingawa yeye ndiye aliyekuwa amelifikiri swali kwa kichwa chake mwenyewe.

La tatu lilikuwa amri. Mapema mwaka 1863 karibu maaskofu wote wa Uingereza walimwandikia Colenso wakimtaka ajiuzulu. Mmoja alikataa kutia sahihi, naye alikuwa Connop Thirlwall wa St David's, mwanachuoni aliyetambua kwamba hoja hujibiwa kwa hoja. Mwezi Novemba mwaka huo Askofu Gray alifungua kesi ya uzushi mjini Cape Town. Colenso hakwenda. Alimtuma Wilhelm Bleek, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, kuwasilisha malalamiko yake kwamba mahakama hiyo haikuwa na mamlaka juu yake. Mwezi Desemba Gray alitangaza kwamba Colenso amevuliwa uaskofu. Shauri likapelekwa mbele ya Baraza la Malkia huko London, lililokuwa na neno la mwisho katika rufani za makoloni, na mwezi Machi 1865 baraza hilo likaamua kwamba hukumu ya Gray haikuwa na nguvu kisheria. Colenso alirudi Natal kama askofu halali. Gray naye hakukubali kushindwa, na mwezi Januari 1866 hukumu ya kumtenga Colenso na kanisa ilisomwa katika kanisa kuu la Pietermaritzburg. Mwaka 1869 askofu mwingine, William Macrorie, aliwekwa, na mji ule mdogo ukawa na maaskofu wawili wasioamkiana. Fujo hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuitishwa kwa mkutano wa kwanza wa Lambeth mwaka 1867. Hata wimbo mashuhuri kuhusu msingi mmoja wa Kanisa, ambao Waanglikana huuimba duniani kote, uliandikwa na kasisi Samuel John Stone mwaka 1866 kwa kuchochewa na mzozo huo huo.

Jibu la nne ndilo lililozaa matunda. Wako waumini waliokaa chini wakazichunguza hoja za Colenso moja moja. Wengine walisema kwamba wanakili wa kale walikosea tarakimu. Wengine, akiwemo mwanaakiolojia Flinders Petrie mwaka 1906, walionyesha kwamba neno la Kiebrania lenye maana ya elfu, ambalo lina undugu na neno letu la elfu lililotujia kupitia Kiarabu, huweza pia kumaanisha ukoo au kikosi, hivyo yamkini idadi iliyokusudiwa ilikuwa ndogo sana. Jibu hilo halikumaliza kila tatizo, lakini lilikuwa jibu la kweli kwa swali la kweli. Huko Leiden, Uholanzi, mwanachuoni Abraham Kuenen alikiri kwamba hesabu za Colenso zilimsaidia kutambua kuwa sehemu za Torati zenye takwimu na kanuni za makuhani, ambazo zilidhaniwa kuwa kongwe kupita zote, ziliandikwa baadaye. Fikira hiyo ilienea ikawa sehemu kubwa ya elimu ya Agano la Kale inayofundishwa katika vyuo vingi vya theolojia leo.

Tusimpambe Colenso kupita kiasi. Alikuwa na udhaifu wa mwanahisabati. Wakati mwingine aliisoma Biblia kana kwamba kila ukurasa wake ni orodha ya mali ghalani, akasahau kwamba watu wa kale walikuwa na njia nyingine za kueleza ukuu wa tendo la Mungu. Anayeisoma habari ya kutoka Misri na kuona tarakimu pekee huenda akalikosa jambo lililoifanya habari hiyo isimuliwe vizazi kwa vizazi, nalo ni watumwa kuwekwa huru. Lakini hata kasoro hiyo ilipaswa kurekebishwa kwa mafundisho.

Wapinzani wake walidai kwamba mtu akianza kuitilia shaka safina ya Nuhu, hatimaye ataitupa na haki yenyewe. Kilichotukia Natal kilikuwa kinyume kabisa.

Mwaka 1873 serikali ya koloni iliwaamuru watu wa chifu Langalibalele wa kabila la Hlubi waandikishe bunduki zao, ambazo vijana walikuwa wamezipata kwa jasho lao katika machimbo ya almasi. Chifu aliitwa Pietermaritzburg, naye akaogopa kwenda. Jeshi lilipotumwa, alikimbia na watu wake, na tarehe 4 Novemba pakatokea mapigano mlimani ambapo askari watatu wa Kizungu waliuawa. Hasira ya walowezi haikuwa na mpaka. Kabila zima lilipokonywa ardhi na mifugo, na watu wengi wakauawa. Chifu alihukumiwa katika kesi ambayo gavana mwenyewe ndiye aliyekuwa jaji, na mwaka 1874 akapelekwa kifungoni katika kisiwa cha Robben.

Mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya Waafrika alikuwa Theophilus Shepstone, rafiki mkubwa wa Colenso kwa karibu miaka 20. Ingelikuwa rahisi kwa askofu kuyaamini maelezo ya rafiki yake. Lakini Sobantu aliyasoma maelezo ya serikali kama alivyoisoma Torati, neno kwa neno, akiuliza kama yaliyosemwa yaliwezekana. Serikali ilidai kwamba mjumbe wake alivuliwa nguo na kudhalilishwa mbele ya chifu. Colenso akiwa pamoja na wasaidizi wake wa Kizulu aliwatafuta mashahidi, akathibitisha kwamba mjumbe huyo alisema uongo. Aidha aligundua kwamba hofu ya Langalibalele ilikuwa na asili yake. Mwaka 1858 ndugu yake Shepstone alikuwa amemwita chifu mwingine, Matshana, kwa maneno ya amani, ilhali silaha zilikuwa zimefichwa ili kumkamata. Mtu aliyeijua habari hiyo hangeitika wito wa serikali kwa moyo mweupe.

Colenso alisafiri hadi Uingereza mwaka huo wa 1874 akamweleza waziri wa makoloni. Gavana aliitwa arudi kwao, na Langalibalele akatolewa kisiwani na kuwekwa bara, ingawa hakurudishwa Natal hadi mwaka 1887. Gharama kwa askofu ilikuwa kubwa. Urafiki wake na Shepstone ulivunjika daima. Walowezi waliokuwa wamemuunga mkono dhidi ya Gray, wakimsifu kuwa ni mtu wa fikira huru, sasa walimgeuka na kuondoka katika kanisa lake. Uhuru wa kufikiri uliwapendeza ulipohusu sungura na safina, ukawachukiza ulipohusu ardhi na ng'ombe wa Waafrika.

Mwezi Januari 1879 majeshi ya Uingereza yaliivamia nchi ya Wazulu bila ya sababu ya haki, na tarehe 22 mwezi huo yakashindwa vibaya huko Isandlwana. Natal ilijaa maombolezo na kilio cha kisasi. Katika siku iliyotengwa kwa toba mwezi Machi, Colenso alipanda mimbarani na kuhubiri juu ya maneno ya nabii Mika kuhusu kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu mbele za Mungu. Aliwauliza Wakristo waliofiwa ni wapi walipoonyesha haki na rehema kwa majirani zao Wazulu. Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba ameibomoa Biblia, naye siku hiyo alikuwa akiitumia kuuambia umma wa Natal ukweli ambao haukutaka kuusikia.

Miaka yake iliyosalia aliitumia kumtetea mfalme Cetshwayo aliyekuwa mateka huko Cape, na kuchapa kwa mtambo wake mwenyewe kurasa nyingi za ushahidi dhidi ya taarifa za serikali. Alifariki mjini Durban tarehe 20 Juni 1883, akazikwa ndani ya kanisa lake kuu la Pietermaritzburg. Mwaka uliofuata nyumba ya misheni iliteketea kwa moto. Binti yake Harriette aliendeleza utetezi wa Wazulu hadi alipofariki mwaka 1932. Magema Fuze, aliyefunzwa Ekukhanyeni kazi ya kupanga herufi za chapa, aliandika historia ya watu weusi iliyotoka mwaka 1922, kitabu cha kwanza cha Kizulu kuandikwa na Mzulu mwenyewe.

Je, maisha haya yanatufunza nini sisi tunaoishi katika nchi ambamo kanisa limejaa kila Jumapili na vijana wanauliza maswali kila siku?

Kwanza, mwenye shaka si lazima awe adui. William Ngidi aliuliza kwa kuwa alikuwa akiichukulia Biblia kwa uzito. Asiyeijali hasumbuki kuuliza Nuhu aliwalisha simba kitu gani. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, na katika jambo hili tungeongeza kwamba kuuliza si ukafiri.

Pili, jibu la uongo hudhuru kuliko kukosa jibu. Mtoto anayeambiwa jambo ambalo mwambiaji mwenyewe haliamini atakuja kugundua siku moja, na siku hiyo hataitilia shaka safina peke yake. Atamtilia shaka na aliyemwambia, na pengine kila alichowahi kufundishwa naye. Mwalimu wa dini asiyejua hana budi kusema kwamba hajui, kisha aende kutafuta pamoja na aliyeuliza. Hakuna aibu katika hilo.

Tatu, na hili ndilo zito, ukweli haukatwi vipande. Mtu aliyezoea kufumba macho ili asione tatizo katika kitabu kitakatifu atapata wepesi wa kuyafumba asione tatizo katika taarifa ya serikali, katika ugawaji wa ardhi, au katika hesabu za fedha za kanisa lenyewe. Colenso hakuwa na dhamiri mbili. Dhamiri iliyomkataza kumdanganya Ngidi juu ya gharika ndiyo iliyomkataza kunyamaza juu ya Langalibalele. Wale waliomhukumu kwa uzushi walikuwa na imani kamili juu ya kila tarakimu ya Torati, lakini wengi wao hawakusikika kabila zima liliponyang'anywa nchi yake.

Wenye shaka wataendelea kuisoma Biblia, na maswali yao hayatakwisha. Muumini hana uwezo wa kuyazuia. Alicho nacho ni hiari ya kuyapokea kwa kemeo au kwa ukweli, na kabla hajachagua, ni heri akumbuke kwamba anayemwangalia usoni akisubiri jibu anajifunza kutoka kwake maana ya kumwamini Mungu.